Ulimi Ulioachwa Hekaluni

Kinywa cha kuazima hakitaji panapouma.

Ndivyo nesi alivyomwambia yule mama pale zahanati, nanyi mkarudi nyumbani mkicheka mpaka mkashikana mabega. Sawa, lakini mlicheka nini? Mmoja wenu anasema maana yake asiye na meno asiombe ya jirani. Mwingine anaapa kwamba inawahusu wasengenyaji. Haya, kaeni chini. Akili mnazo, ila bado zinatafuta pa kukaa. Methali hii ilizaliwa namna hii, tena haikuzaliwa hapa kwetu.

Ilizaliwa Ugiriki ya zamani sana, enzi ambazo mgonjwa hakuuliza hospitali iko wapi, aliuliza, "Nikalale wapi?" Kulala ndiko kulikuwa kutibiwa. Wagiriki walikuwa na mungu wao wa uganga, jina lake Asklepio, na hekalu lake lenye sifa kuliko yote lilikuwa katika mji wa Epidauro. Mgonjwa alikwenda huko, akaoga, akatoa sadaka, akajinyoosha katika ukumbi mrefu pamoja na wagonjwa wenzake, akangoja kuota. Usingizini mungu alimjia, akamgusa panapouma au akamwambia dawa. Kukicha alimsimulia kuhani ndoto yake, na lile mungu alilolifanya ndotoni, watu walilifanya mchana. Msitazamane hivyo. Hata nyinyi mnameza vidonge ambavyo hamjui vimetengenezwa kwa kitu gani.

Sasa, katika mji mdogo wa pwani uitwao Hermione aliishi mjane mmoja, Timareta, muuza nyuzi za sufu. Mikono yake ilikuwa myepesi ya kusokota, lakini mikono hiyo ilikuwa mivivu ukiilinganisha na kinywa chake. Mteja alikuja kuuliza bei, akaondoka anajua bei, anajua aliyenunua jana, na anajua kwa nini mkwe wa jirani amerudi kwao. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu ambaye kimya kikikaa mahali, yeye hukiona kama mgeni asiyekaribishwa, akainuka kukitimua.

Kimya alikuwa na sababu ya kukichukia. Mumewe, Agathoni, alianza kutapika msimu mmoja wa mavuno ya zeituni, na kila alipoulizwa alijibu, "Si kitu." Alisema si kitu mpaka akashindwa kusimama. Alisema si kitu mpaka akashindwa kusema. Tabibu alipoitwa, alikuta tumbo limekuwa gumu kama ubao na mgonjwa hana siku nyingi. Timareta alipomzika alijiapiza kwamba katika nyumba yake hakuna atakayeumwa tena kimyakimya. Asiyeweza kusema, yeye atamsemea.

Na wa kusemewa alikuwapo. Binti yake, Lisila, msichana wa kuolewa tayari, alikuwa na maneno yake kama watu wengine, ila yalitoka polepole, kwa mwendo wa konokono. Kabla hayajafika mlangoni, mama alikwisha kuyapokea, akayavika nguo, akayatoa nje.

"Lisila, hujambo?" jirani aliuliza.

"Hajambo," mama alijibu. "Amelala vizuri, isipokuwa alfajiri alijigeuza kidogo."

"Lisila, utakula samaki?"

"Samaki hapendi. Anapenda miiba tu, ya kuchezea."

Lisila alitabasamu. Tangu baba yake afe alikuwa amezoea kutabasamu. Tena ilikuwa kazi rahisi. Nyinyi wenyewe mngejaribu kusema mbele ya Timareta mngeona.

Baada ya kondoo kunyolewa mwaka ule, nyumba ilijaa sufu mpaka ikakosa pa kuweka mguu, na Lisila akawa analala juu ya lundo la sufu mbichi ambayo haijaoshwa. Siku si nyingi akaamka amejishika ukuta.

"Mama," alisema, "kuna kitu kinazunguka..."

Alipiga hatua moja, akayumba, akatapika.

Kutapika! Mbele ya macho yake Timareta hakumwona tena Lisila, alimwona Agathoni ameinama juu ya beseni. "Tumbo!" alipiga kelele. "Mwanangu tumbo linamzunguka!" Na kuanzia hapo hakuna aliyelitamka neno lingine katika nyumba ile. Akaja bibi wa mitishamba, akauliza mtoto anaumwa nini, mama akajibu tumbo linamzunguka. Bibi akatoa dawa ya kuharisha. Akaja tabibu wa mjini, akauliza, mama akajibu, tabibu akatoa dawa ya kuharisha kali zaidi na kumkataza mgonjwa kula. Lisila aliharisha, akatapika, akayumba, akakonda. Kila akikonda, dawa iliongezwa. Mashavu yalibonyea, macho yakarudi ndani, na vidole vyake vikawa kama njiti za kusokotea.

Timareta aliyaona hayo yote na hakuelewa. Alikuwa amesema mapema safari hii, hakungoja hata siku moja, alikuwa amesema kwa kila mtu mwenye masikio. Mbona basi mtoto anakwenda njia ileile ya baba yake? Alikaa akijiuliza huku anasokota, na nyuzi zikamtoka nene hapa, nyembamba pale, kama kazi ya mwanagenzi.

"Tunakwenda Epidauro," alisema mwishowe. Alimpandisha binti juu ya nyumbu, akamfunga kwa shuka asianguke, wakashika njia ya milimani. Njia nzima Lisila alikuwa amelalia upande mmoja wa kichwa. Mama alifikiri ni usingizi.

Walipofika kwenye mpaka wa hekalu walipokewa na kuhani mzee, Eukrati, mtu mpole mwenye nyusi nene zilizomfanya aonekane ana mshangao saa zote. Alimtazama Lisila juu ya nyumbu, kisha akatazama chini.

"Mama, huyu siwezi kumwingiza."

"Kwa nini? Ameoga! Sadaka ninayo! Asali ninayo, tumbo la udongo la kumtundikia mungu nitanunua sasa hivi..."

"Si hayo. Ndani ya mpaka huu ni mwiko mtu kuzaliwa, na ni mwiko mtu kufa. Na binti yako," kuhani aliteremsha sauti, "samahani sana, mama yangu, lakini simwoni kama mtu atakayevuka usiku wa leo na kesho."

Timareta alizishika hatamu za nyumbu kwa nguvu.

"Sasa watu wanaougua sana waende wapi? Hekalu la wagonjwa linataka wenye afya tu?"

Eukrati alikuna nyusi zake. Swali hilo alikuwa ameulizwa mara nyingi, na hakuwahi kulipatia jibu zuri. "Mzazi anaweza kumwotea mwanawe," alisema. "Imewahi kutokea. Mwache nje kwa Mirtale, mwenye nyumba ya wageni. Wewe ingia, ulale kwa niaba yake."

"Kwa niaba yake," Timareta alikariri, na moyo ukamtulia kidogo. Kazi hiyo aliijua.

Mirtale alikuwa mjane kama yeye, mnene, mwenye mzaha, aliyewazoea wagonjwa kama wewe unavyowazoea kuku uani. Alimlaza Lisila karibu na dirisha, akamuuliza, "Unaitwa nani, mrembo?"

"Anaitwa Lisila," Timareta alijibu.

"Na unaumwa nini?"

"Tumbo linamzunguka. Kama baba yake."

Mirtale alimtazama mama, akamtazama binti, akasema, "Kumbe amebahatika. Ana vinywa viwili, wengine tuna kimoja na hakituelewi."

Timareta hakusikia mzaha. Alikuwa tayari mlangoni, anazungumza na tabibu mmoja aliyepanga nyumba ya pili, mtu aliyeitwa Glauko, ambaye mara nyingi aliwatibu wale waliozuiwa mpakani. Wanasema mshika mawili moja humponyoka, lakini Timareta alishika kila kilichopita karibu. Walikubaliana kwamba asubuhi, mungu awe amejibu au hajajibu, Glauko atakuja na mzizi mweupe, dawa ya kuharisha inayoogopwa hata na wanaoiuza. "Kwa tumbo la namna hiyo hakuna nyingine," Glauko alisema. "Ama litasafika, ama..." Hakumaliza. Timareta alimmalizia: "Litasafika."

Kisha akapita kwa wafinyanzi. Mbele ya hekalu walipanga viungo vya mwili vya udongo, maana desturi ilikuwa unatundika ukutani mfano wa kiungo kinachokuuma ili mungu asihangaike kutafuta. Kulikuwa na miguu, mikono, macho mawili mawili, matiti, masikio. Timareta alinunua tumbo. Alichagua kubwa.

Ukumbini alilala kwenye ngozi, kulia kwake mtu wa mguu, kushoto kwake mtu wa jicho. Taa zilizimwa, kuhani akaagiza kimya. Timareta alibaki macho muda mrefu akipanga maneno atakayomwambia mungu, yote, tangu Agathoni mpaka nyumbu, asisahau hata moja. Katikati ya kupanga, akasinzia.

Mungu alikuja. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye ndevu, ameshika fimbo, ana uchovu wa mtu aliyekwisha kupita vitanda vingi. Alisimama miguuni pake.

"Panauma wapi?"

"Tumbo!" Timareta alianza. "Si langu, la mwanangu, linazunguka, lilianza asubuhi moja baada ya kondoo kunyolewa, na baba yake naye, Agathoni, kama unamkumbuka..."

Mungu aliinama, akatia vidole viwili kinywani mwa Timareta, akautoa ulimi wake. Hakukuwa na damu wala maumivu. Ulitoka kama kiatu kinavyotoka mguuni. Akaenda nao ukutani, akautundika kwenye msumari, kati ya miguu na masikio ya udongo. Akausogeza kidogo ukae sawa. "Huu utabaki hapa," alisema, akaendelea kwa mtu wa jicho.

Kulipopambazuka Timareta aliamka ametumbukiza mkono mzima kinywani. Ulimi ulikuwapo. Aliuvuta, ukauma. Alimkimbilia kuhani Eukrati kabla hata ya kujifunga mkanda.

"Amekosea!" alisema. "Mungu wenu amekosea mgonjwa!"

"Nani?"

"Nimemwambia tumbo, la mtoto. Kanitibu mimi! Tena ulimi! Ulimi wangu una nini? Mie siumwi!"

Kuhani alimtaka asimulie kwa utaratibu. Alisimulia bila utaratibu. Alipomaliza, nyusi za Eukrati zilikuwa zimepanda karibu na nywele.

"Mama, nimekaa hapa tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi," alisema taratibu. "Mtu amekuja na mguu, ametibiwa mguu. Mtu amekuja na kiburi, ametibiwa kiburi. Lakini mtu aje na tumbo la mwanawe, atundikiwe ulimi wake mwenyewe... Sijui."

"Hujui? Wewe ni kuhani!"

"Ni kuhani, si mungu. Ningejua kila kitu ningelala mimi, nyinyi mkae nyumbani." Alikuna nyusi. "Ninachokijua ni kimoja. Afanyalo mungu ndotoni, sisi hulifanya mchana. Ulimi wako ameuacha hekaluni. Basi nje ya hekalu huna ulimi. Hutasema neno mpaka binti yako ale, na alichokula kikae."

"Na mtoto? Dawa ya mtoto ni ipi?"

"Sikusikia dawa nyingine katika ndoto yako."

"Lakini nisiposema mimi, nani ata..."

Eukrati aliweka kidole midomoni pake, akaonyesha mpaka. Walikuwa wameufikia bila yeye kuona. Hatua moja mbele ilikuwa nje.

Timareta alisimama pale kama punda aliyeona daraja. Alikuwa hajui lolote. Kama mungu hakukosea, basi yeye ndiye mgonjwa, na mbona anayekufa ni mwingine? Kama mungu alikosea, kumtii si kumuua mtoto? Na kama akisema, je, hatakuwa ameutoa ulimi mahali ulipowekwa na mungu mwenyewe? Alitamani kumuuliza mtu. Akafunga kinywa, akavuka.

Kwa Mirtale alimkuta tabibu Glauko amekwisha kufika. Alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, anakoroga kikombe. Mzizi mweupe ulikuwa umelowa tayari, harufu yake inakereketa pua. Lisila alilala upande uleule, rangi imemtoka, midomo imepasuka.

"Haya, mama wa kinywa amerudi!" Mirtale alisema. "Mungu kasemaje?"

Timareta aliushika mdomo wake.

"Umeng'atwa na nyuki?"

Akatikisa kichwa. Akaonyesha hekalu, akaonyesha ulimi, akafanya kama mtu anayetundika kitu ukutani. Mirtale alimwangalia, kisha akamgeukia tabibu. "Sikuelewa hata kimoja, na nimekaa na mabubu."

Glauko hakuwa na muda wa maigizo. "Mama, kabla sijampa. Dawa hii haina utani. Nataka kusikia tena, anaumwa nini hasa?"

Wote wawili walimtazama Timareta. Hata Lisila aliinua macho kumtazama mama yake, akingoja, kama ilivyokuwa desturi.

Neno lilikuwa pale, mbele ya meno. Tumbo. Neno dogo tu. Timareta alibana midomo mpaka ikawa myeupe. Basi mkono wake ukainuka wenyewe, kidole kimenyooka, kinakwenda kwenye tumbo la mtoto. Kilifika nusu ya njia. Hapo akawaza, mkono nao si ulimi? Ninyamaze kwa kinywa niseme kwa kidole, nimdanganye mungu kweupe? Alimwona Agathoni, alimsikia akisema si kitu, si kitu. Kila kilichokuwa ndani yake kilimwambia anyooshe. Hakujua kama anamwokoa mtoto au anamwacha afe. Akaushusha mkono, akaukalia.

Kikawa kimya. Kimya kirefu, cha kweli, ambacho familia ile haikuwa imekiona tangu mazishi.

"Basi nimuulize nani?" Glauko alisema. Akamgeukia aliyelala. "Binti. Wewe. Unaumwa nini?"

"Mimi?" Lisila alisema.

"Hapa kuna mwingine?"

Lisila alimtazama mama yake. Mama amekalia mkono wake, machozi yanamtiririka, midomo imefungwa kama mfuko. Lisila aliogopa, alifikiri mama amepatwa na ugonjwa huko ndani. Akangoja tena. Hakuna aliyemjibia. Maneno yake yalianza safari, mwendo ule wa konokono, na safari hii njia ilikuwa nyeupe.

"Sikio," alisema.

"Sikio?" Mirtale na tabibu walisema pamoja.

"Kuna kitu... kinazunguka. Huku ndani. Kinatembea, kinatulia, kinatembea tena. Kikitembea dunia yote inazunguka, halafu natapika."

Glauko aliweka kikombe chini polepole. "Na tumbo?"

"Tumbo halikuwa likiuma." Alipumzika kidogo. "Sasa linauma. Kwa dawa."

Timareta alitoa sauti. Haikuwa neno, hakuna kuhani ambaye angeiita neno.

Tabibu alimgeuza Lisila kwenye mwanga wa dirisha, akavuta sikio, akachungulia, akasonya. Alimwagiza Mirtale mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto kidogo. Akayamimina sikioni tone kwa tone, akamlaza, akangoja, kisha akaingiza kibano chembamba. Lisila alipiga kelele mara moja. Kibano kilipotoka kilikuwa kimeshika kupe, kupe wa kondoo, amevimba kama zabibu, miguu inachezacheza, na nyuma yake usaha ulitoka ukamwagika shingoni.

Mirtale alimsogelea kupe kwa heshima. "Huyu mgeni," alisema, "amekula na kulala muda wote huu, na hakuna aliyemwambia karibu wala kwaheri."

Glauko aliutoa mzizi mweupe nje, akaumwaga mbali, mahali ambapo kuku hawafiki. Aliporudi alisafisha sikio kwa divai, akaliziba kwa sufu iliyooshwa. Alisema afadhali mgonjwa asitapike leo, maana mwili hauna tena cha kutoa.

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kupe ametoka, lakini mtoto alikuwa mifupa. Mirtale alipika uji mwepesi wa shayiri wenye asali. Timareta alimnywesha binti kwa kijiko, na kila kijiko kilichoshuka alikifuata kwa macho mpaka kooni, akangoja kama kitarudi. Hakuimba, hakubembeleza, hakusema kunywa mwanangu. Lisila alikunywa kidogo akasinzia. Akaamka. Uji ulikuwa umekaa. Akaomba mwingine, kwa sauti yake mwenyewe, na mama akakimbilia jikoni akagonga kichwa mlangoni na hata hapo hakusema kitu.

Jioni, kikombe cha pili kilipokaa vilevile, Mirtale, aliyekwisha kusikia sharti kwa kuhani, alisema, "Amekula, na kimekaa. Sema sasa, mwenzangu, kabla hujapasuka."

Timareta alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya siku nzima humo ndani. Lililotoka lilikuwa moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama," Lisila alisema. "Nilikuambia kuna kitu kinazunguka. Ukamwambia tabibu tumbo."

"Baba yako alianza hivyo hivyo. Kutapika. Alikuwa hasemi. Nikaapa wewe..."

"Baba hakusema kwa sababu hakutaka." Lisila alifikiri, na mama yake, kwa shida kubwa, akamwacha afikiri. "Mimi nilitaka. Nilikuwa sijafika tu."

Siku Lisila alipoweza kutembea mpaka mlangoni bila kushika ukuta, Timareta alirudi kwa Eukrati. Alitaka kueleweshwa. Alitaka kujua mungu alikuwa amemtibu nani, yeye au mtoto, na kama alijua habari za kupe kwa nini hakusema tu kupe, kazi iishe. Kuhani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unadhani angekuambia kupe," aliuliza, "ungemwambia tabibu nini?"

Timareta alifikiri. Akaona aibu. "Kwamba amemuuma tumboni," alisema.

"Basi sijui, mama. Labda alikutibu wewe ili apone yeye. Labda mgonjwa alikuwa mmoja mwenye miili miwili. Nenda nyumbani. Mimi mambo haya yananichanganya mpaka leo."

Akaondoka akiwa amechanganyikiwa kama alivyokuja, ila nyumbu alikuwa amebeba binti aliyekaa wima.

Waliporudi Hermione soko lilisimama. Wanawake waliacha vikapu, wakawazunguka, wakamshika Lisila mashavu, na kama desturi ilivyokuwa, wote wakamgeukia mama. "Ehe, tuambie! Mtoto alikuwa na nini?"

Timareta alivuta pumzi. Hadithi ilikuwa nzuri, ilikuwa na mungu, na kupe, na mzizi wa sumu, hadithi ya kuuzia nyuzi mwaka mzima. "Alikuwa..." alianza. Kisha akafunga kinywa. Akamsukuma binti mbele kidogo.

"Muulizeni mwenyewe," alisema. "Kinywa cha kuazima hakitaji panapouma."

Wanawake walitazamana. Hawakuelewa, kama nanyi pale zahanati. Lakini walimgeukia Lisila, na Lisila akaanza kutafuta neno lake la kwanza. Alichelewa. Jua liliwapiga, mtu mmoja alikohoa, mwingine akataka kumsaidia akakanyagwa mguu na Timareta. Wakangoja. Na alipolipata, alisimulia yote, polepole, jioni ikawakuta pale pale.

Maneno yale wakaondoka nayo nyumbani kwao. Mama aliyemsemea mtoto, wakamwambia. Mume aliyemjibia mkewe kwa mkunga, wakamwambia. Yakavuka bahari, yakapita vinywa vingi, mpaka yakamfikia nesi wetu, naye akamwambia yule mama ambaye mtoto wake mkubwa mwenye ndevu alikaa kwenye benchi ametulia, mama ndiye anayemweleza nesi kikohozi chake.

Na wewe uliyecheka kuliko wote, umekaa hapo tangu mwanzo umeshika shavu. Hapana, nyinyi wengine nyamazeni, asijibiwe. Kinywa cha kuazima hakitaji panapouma. Haya, mwanangu. Sema mwenyewe. Tunangoja.